Mahali pa Tano

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa ushauri wa Fundi. Anasema mtu mwenye ulimi kama wangu asipopata pa kuumwagia, ofisi itabaki na viti vitupu. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri, na tuko watatu tu. Fundi anaandika maagizo yanayofanya gemu yetu iende. Mimi nabuni mahali ambapo gemu inachezwa: nachora, naandika nani anakaa pale, maji wanateka wapi, mgeni akipotea amuulize nani. Bosi kazi yake ni kutuuliza tumefika wapi. Kwa siri namwita Jiwe.

Leo toleo la majaribio limefunguliwa. Watu mia nne wamejitolea kulicheza hadi tarehe 31 Mei na kutuandikia kasoro watakazoziona. Majina yao hatuyajui. Watu wa nje waliowasajili wametupa namba tu, maana ndivyo walivyoahidiwa. Gemu imetangazwa kuwa na mahali patano. Pane papo tayari, pa tano sina. Na mvua imeanza leo, na paa linavuja juu ya meza yangu, si ya mtu mwingine yeyote.

Jumatano, 6 Machi

Ndoo imejaa mara mbili.

Ijumaa, 8 Machi

Sifa zimeanza kuja, nami sina aibu kuziandika. Watu wameupenda Mji wa Ngazi, uliojengwa juu ya ngazi moja inayozunguka mlima kutoka bondeni hadi mawinguni. Hakuna uwanja wala barabara, na ukimuuliza mtu anakaa wapi anakutajia namba ya kipandio. Wamelipenda Soko la Kimya, ambako bidhaa ni sauti, na mnunuzi hulipa kwa kuacha ya kwake. Wameliogopa Ziwa Lililosimama, maji yaliyoinuka wima kama ukuta, mashua zinapanda badala ya kwenda mbele, na samaki wanakutazama kama majirani dirishani. Msitu wa Milango wengi bado hawajaufikia. Badala ya miti kuna milango, na usipobisha hodi unarudishwa ulikotoka.

Bosi ameniuliza haya nayatoa wapi. Nikamjibu, kichwani. Hiyo ni nusu ya kweli, maana kichwani yaliingizwa na Mama. Nilipokuwa mdogo, mvua ikinyesha na umeme ukikatika, Mama alikuwa akiacha cherehani yake na kunipeleka kwa hadithi mahali pamoja, kila mvua mahali pamoja, mpaka usingizi unanichukua. Nilipoajiriwa hapa nikamwomba ruhusa. Akasema chukua, hadithi hailiwi na mende. Nikimuuliza habari za mahali pa tano, jibu lake ni lilelile la utotoni: "Hapo bado hatujafika, lala." Nina miaka thelathini na sita na bado ananiambia nilale.

Jumanne, 12 Machi

Jambo la ajabu leo. Fomu yetu ya kasoro ina mistari mitatu: mahali, nilichotarajia, kilichotokea. Nasi tunaruhusiwa majibu matatu tu, kila moja na kitufe chake: Imepokelewa, Imerekebishwa, Si kasoro. Hakuna maelezo wala porojo. Basi mjaribu namba 317 ameandika hivi:

"Mahali: Mji wa Ngazi. Nilichotarajia: mtu asipande mikono mitupu. Kila anayepanda hubeba kitu cha watu wa juu, hata kama ni barua. Kilichotokea: watu wanapanda wamening'iniza mikono kama watalii."

Nilibaki nimeitumbulia macho skrini mpaka Fundi akaniuliza kama nimepigwa na umeme. Hivyo ndivyo Mama alivyokuwa akisimulia, neno kwa neno. Nililiondoa hilo la mizigo mwezi Januari kwa sababu Fundi alisema linaifanya gemu iwe nzito. Halikuwahi kuandikwa mahali popote. Nimejiambia dunia ni kubwa na watu wawili wanaweza kuwaza jambo moja. Nikabonyeza Si kasoro.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Mama ameshona gauni la mteja kinyumenyume akanikataza kucheka.

Jumatatu, 18 Machi

317 tena. "Mahali: Soko la Kimya. Nilichotarajia: kwenye lango la kutokea akae bibi mwenye kapu, anayewarudishia watu sauti zao. Kilichotokea: mnawaacha watu waende makwao mabubu."

Bibi mwenye kapu ni wa Mama. Nilimwacha nje kwa sababu nilishindwa kumchora mikono, basi, sababu ni hiyo tu. Nimebonyeza Si kasoro, na jioni nikamuuliza Mama kama huwa anawasimulia wateja wake hadithi zangu.

Alinitazama juu ya miwani. Akasema wateja wake wanataka pindo, hawataki hadithi, na tangu lini zimekuwa zangu. Amekasirika, nami nimekasirika, na hatujapeana usiku mwema.

Jumanne, 26 Machi

Leo nilimshuku Fundi saa nzima. Kisha akaninunulia chai, nikaona haya.

Alhamisi, 4 Aprili

Huyu mtu sasa amenichosha. Nimempa jina: Mlalamishi. Leo ni zamu ya ziwa. "Nilichotarajia: mkono wa kushoto ukigusa maji ulowe, wa kulia utoke mkavu. Kilichotokea: yote miwili imelowa. Mwanangu ndiye anayeshika vidude vya kuchezea, mimi namwelekeza tu. Ameniuliza mbona mkono wa kulia unachuruzika. Nimemwambia watengenezaji wamesahau."

Wamesahau! Sikusahau, niliacha. Mkono wa kushoto na wa kulia! Hata mimi mwenyewe ilibidi nifumbe macho ndipo nikumbuke sauti ya Mama ikisema hivyo gizani. Huyu anajuaje? Si kasoro.

Bosi naye huzisoma ripoti zote. Ameniita kwake, maana yake amegeuza kiti chake kunielekea. Akanikumbusha kwamba nilitia sahihi karatasi kusema mahali pote ni pa kubuni kwangu na kwa familia yangu. Akaniambia kwa utulivu, na utulivu wake ndio mbaya, kwamba mwenye hadithi hizi akijitokeza gemu haitoki na sisi watatu tutafute kazi. Nikaapa kwamba mwenyewe ni Mama na Mama hana mshirika. Nilikuwa na hakika kama ninavyolijua jina langu.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimejaribu kubuni pa tano peke yangu. Nimempelekea Fundi Jangwa la Vioo, na Kisiwa Kinachokoroma, na mji ambao watu wake wanazeeka wakikaa na kurudi ujana wakitembea. Amevisoma vyote kwa heshima. Kisha akasema, "Dada, ni pazuri. Ila sijui nikifika nifanye nini."

Ijumaa, 19 Aprili

Barabara ya mbele ya ofisi imekuwa mto. Tumeingia kwa kupitia duka la vipuri, suruali tumezikunja magotini. Mlalamishi yuko kimya wiki ya pili. Laiti angebaki hivyo.

Jumatano, 24 Aprili

Amerudi, na safari hii nimempata!

"Mahali: Msitu wa Milango. Nilichotarajia: kwenye mlango wa saba mtu atege sikio kabla ya kubisha. Ndani kuna cherehani inashona. Kilichotokea: kimya."

Hili Mama hakuniambia kamwe. Mlango wa saba hauna lolote, ni mlango kama mingine. Kwa hiyo ananibahatishia tu, anatunga, anataka kuonekana anajua. Nimebonyeza Si kasoro, ya nne. Kwa utaratibu wetu mjaribu aliyepata Si kasoro nne anaweza kuwekwa kwenye orodha ya wasumbufu, na akiwekwa mlango wake wa gemu unafungwa. Si lazima kumweka. Nimemweka. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi chini ya mwavuli uliovunjika mbavu mbili.

Alhamisi, 25 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Jana jioni, wakati wa chakula, nilimsimulia Mama habari za Mlalamishi kama kichekesho. Sikuwa nimemtajia ripoti zake kabla, kwa ajili ya ule ugomvi wetu. Nikamwambia kuna mtu huko anasema nyuma ya mlango wa saba kuna cherehani. Nikacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe, akakiweka mezani, kikakosa meza. Chai ilimmwagikia miguuni, wala hakushtuka. Akaniuliza alisema mlango wa ngapi. Nikarudia. Akaniuliza kingine alisema nini, nikamtajia yote: mizigo ya ngazi, bibi mwenye kapu, mikono miwili ya ziwa. Akawa anaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza kila moja.

Kisha akasema, "Nilikuwa na mtoto kabla yako."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mimi ni mtoto wa pekee. Shule nzima nilijulikana hivyo, mtoto wa pekee wa fundi cherehani, ndiyo maana ana maringo. Mama akaendelea, sauti kavu, macho kwenye mlango kama anayeongea na mtu aliyesimama pale. Aliolewa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa. Akapata mtoto wa kiume. Alikuwa akishona, na mtoto akikaa chini ya meza ya cherehani, karibu na miguu yake, na walikuwa wakisafiri pamoja: yeye anatoa mji, mtoto anauliza maswali, jibu likipatikana linakuwa kanuni. Kanuni ya kubeba mizigo ni ya mtoto. Bibi mwenye kapu ni wa mtoto, kwa sababu alilia watu walipoachwa bila sauti. Alikuwa na miaka sita.

Ndoa ikavunjika. Watu wa mumewe wakamfungia mfuko mmoja na kumwambia mtoto ni wa kwao. Asubuhi hiyo alimwambia mtoto anakwenda kupeleka nguo za mteja. Akamwambia afikirie mahali pa tano, na yeye atafikiria pake, akirudi jioni watalinganisha.

"Nilirudi mara tatu," Mama alisema. "Mara ya kwanza shemeji alinifungia geti. Mara ya pili waliniambia amelala, mchana ule. Mara ya tatu nilimwona kwa mbali anacheza mpira na wenzake. Hakuwa analia. Nikajiambia amezoea, nisimtibue. Mara ya nne sikwenda. Uliza chochote unachotaka, lakini jua hilo: mara ya nne hakuna aliyenifukuza. Sikwenda mwenyewe. Nilipokuja kwenda, walikuwa wamehama."

Nilimuuliza kama Baba alijua. Alijua. Marehemu Baba alimwambia ukianza kulisema hili hutaacha kulia, basi afadhali usilianze, na Mama akaona ushauri una nafuu. Miaka thelathini na minane. Alikuwa akikunja midomo kila mara nilipomwomba ndugu wa kucheza naye, na mimi nilidhani ni ukali tu.

Sikumwambia kwamba nimemfungia. Sikuweza. Nilisema kichwa kinaniuma nikaingia chumbani.

Ijumaa, 26 Aprili

Sijaongea naye. Leo sioni huruma, naona hasira, na kwa kuwa daftari ni langu nitaiandika. Kumbe hadithi nilizolala nazo utoto wangu wote ni mitumba. Zilishavaliwa na mtu mwingine, zikafuliwa, nikapewa mimi bila kuambiwa. Mama alipokuwa ananisimulia gizani, alikuwa anamsimulia nani?

Jumapili, 28 Aprili

Nimemwambia. Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano, na nilitaka kungoja amalize, lakini macho yake yalishindwa mara tatu na nikaona ningengoja mpaka kesho. Nikasema Mama, yule mtu nilimjibu mara nne kwamba si kasoro, kisha nikamfungia kabisa. Haingii tena.

Aliweka sindano chini. Nilitegemea kelele, na wallahi ningezikaribisha.

"Na wewe pia," alisema. "Na wewe umemfungia geti."

Nimepigwa makofi maishani mwangu, sikuwahi kupigwa hivyo. Wahenga walisema hasira hasara, nami niliiandika sentensi hiyo shuleni mara mia kwa adhabu. Haikunisaidia kitu.

Kisha, mlangoni, akageuka. "Umesema ana mtoto?"

Nikamwambia ndiyo, anaye, na yeye ndiye anayeshika vidude. Akasimama pale, mkono kwenye kizingiti.

Alhamisi, 2 Mei

Nimekwenda kwa Bosi na kumwaga yote mbele yake, na Fundi anasikia, maana chumba ni kimoja. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Ahadi yangu ya kwamba Mama hana mshirika ilikuwa imekufa, na mshirika mwenyewe nilikuwa nimemtupa nje. Bosi aliniambia kwanza kwamba hii si ofisi ya ustawi wa jamii. Pili, kwamba nimemdhulumu mjaribu aliyesema kweli mara nne, na hilo ndilo linalomuudhi zaidi. Kisha akavuta kibodi akamfungulia mlango 317 mwenyewe.

Lakini kumfungulia si kumwita. Kwenye ramani yetu kila mjaribu ni nukta: ya kijani akiwa ndani, ya kijivu akiwa nje. Yake ni ya kijivu tangu tarehe 24 Aprili, na yeye hajui kwamba mlango uko wazi. Waliowasajili wamekataa kutoa jina. Bosi aliwapigia simu mara tatu mbele yangu, na ya tatu aliongea kwa sauti ambayo sikujua anayo. Walichokubali ni kimoja: tangazo moja tu kwa wajaribu wote, siku mahali pa tano patakapofunguliwa. Tarehe 31 majaribio yanafungwa na orodha ya namba inafutwa, ndivyo mkataba unavyosema. Baada ya hapo hata namba hatutakuwa nayo.

Kwa hiyo lazima pa tano pawepo. Jina la Jiwe nimelifuta.

Ijumaa, 3 Mei

Nimebonyeza Imerekebishwa mara nne. Mimi na Fundi tumerudisha mizigo, tumerudisha kapu, tumekausha mkono wa kulia. Fundi ameomba kurekodi cherehani ya Mama kwa ajili ya mlango wa saba. Mama ameshona kitambaa kitupu dakika kumi, mgongo wima kama yuko kwenye mtihani.

Jumatano, 8 Mei

Mama hataki kusema pa tano ni wapi. Anasema hapakuwa na mapatano ya kumwambia mtu mwingine.

Jumapili, 12 Mei

Mvua ilinyesha alasiri yote na umeme ukakatika. Nilikaa karibu na meza ya cherehani, nikamwambia Mama sikuja kuchukua kitu, nimekuja kuomba. Nikamwambia pia kwamba nilimwonea wivu mtoto wa miaka sita siku nzima, na bado kidogo. Akacheka, mara ya kwanza tangu kile kikombe. Akasema hata huyo mtoto angekuonea, wewe ulipata pane nami nikiwepo, yeye pa tano alipangoja bila mimi.

Nikamuuliza, "Pa tano uliwahi kupafikiria?"

"Kila siku."

Akaniambia. Ni chumba. Kuna meza ya cherehani, kuna dirisha, kuna vipande vya vitambaa sakafuni. Msafiri akishapanda ngazi zote, akishauza sauti na kurudishiwa, akishavuka ziwa na kubisha milango, anafika hapo. Mwanamke anashona. Chini ya meza pana nafasi ya mtu kukaa.

Nikauliza, halafu? Akasema halafu nini, amefika.

Jumatatu, 13 Mei

Mimi ndiye mbunifu, na nilikuwa nimejiandaa kumweleza Fundi kwamba si kitu, ni chumba tu, tutakipamba. Alikisoma mara mbili. Kisha akaondoa mikono kwenye kibodi. Akasema hapa anajua akifika afanye nini. Sijawahi kuona macho ya Fundi yakiwa hivyo, nami nimekaa naye miaka minne nikidhani hana moyo ila waya.

Jumanne, 21 Mei

Kazi. Ndoo imetoboka.

Jumamosi, 25 Mei

Tangazo limetoka saa nne asubuhi. Watu mia na hamsini waliingia kabla ya adhuhuri. 317 kijivu.

Jumatatu, 27 Mei

Kijivu.

Jumatano, 29 Mei

Kijivu. Wajaribu wengine wanapita chumba cha Mama na kuuliza hazina iko wapi. Mama ameniuliza kama tangazo linaweza kupotea njiani. Nimesema haliwezi. Sijui kama haliwezi.

Alhamisi, 30 Mei

Kijivu. Mama amesema kesho atakuja ofisini. Sikumwambia asije.

Ijumaa, 31 Mei

Naandika haraka, nikiwa jikoni, na baadaye nitajua kama ninachoandika kilitokea kweli.

Mama alifika saa nane mchana, amevaa gauni alilojishonea harusi ya mpwa wake. Bosi akampisha kiti. Tulimwonyesha ramani na nukta zake, na akauliza ile ya kwake ni ipi. Fundi akamwekea kidole kwenye skrini. Kijivu. Mama akaitazama hiyo moja tu, kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Majaribio yalikuwa yafungwe saa kumi na moja.

Saa tisa na dakika ishirini ikawa ya kijani.

Nukta iliingia Mji wa Ngazi, ikasimama kwenye kipandio cha kwanza, na tukaona imeokota furushi. Ikapanda nalo hadi juu. Sokoni ilipita haraka mpaka kwenye lango la kutokea, ikangoja kwa yule bibi mwenye kapu. Ziwani iligusa maji kwa mkono wa kushoto. Kisha wa kulia. Kisha wa kulia tena. Kwenye Msitu wa Milango ilihesabu milango mmoja mmoja, na kwenye wa saba ikasimama dakika nne bila kubisha. Nilikuwa nimeshika bega la Mama. Fundi alikuwa akinong'ona, "Bisha, kaka, bisha." Ikabisha.

Ikaingia chumbani. Ikasogea hadi kwenye meza. Halafu ikainama na kuingia chini yake, na ikatulia humo.

Mama alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

Ripoti ikaja. "Mahali: pa tano. Nilichotarajia: dirisha liwe kushoto kwake. Kilichotokea: mmeliweka kulia."

"Ni kweli," Mama alisema. "Lilikuwa kushoto. Mungu wangu, mimi nimesahau na yeye anakumbuka."

Kabla sijabonyeza chochote ikaja nyingine. "Mahali: pa tano. Nilichotarajia: aniulize kama nimekula. Kilichotokea: anashona tu."

Nilitazama vile vitufe vyangu vitatu. Hakuna kilichofaa. Fundi akasema anaweza kumpa yule mwanamke wa chumbani maneno ya kusema, dakika tano tu, lakini itakuwa imepita saa kumi na moja. Sote tukamtazama Bosi. Bosi akavua saa yake ya mkononi akaitia kwenye droo.

Fundi akamwambia Mama ataje atakachosema. Mama akasema, "Umekula, mwanangu?" Fundi akaandika hivyohivyo, bila kuongeza nukta. Tukaona maneno yakitokea juu ya kichwa cha yule mwanamke, na mikono yake ikaacha kushona.

Nukta haikusogea. Mvua ilikuwa inapiga paa na maji yakinidondokea shingoni, sikuhama. Dakika moja. Ya pili. Nilianza kuogopa kwamba amezima, kwamba tumemkera, kwamba hakuna mtu aliyeruhusiwa kuuliza swali hilo baada ya miaka thelathini na minane.

Ripoti ikaja. Mistari ya mahali na nilichotarajia ilikuwa mitupu. Kwenye kilichotokea aliandika: "Bado, Mama. Tuko wawili."

Bosi aligeuka akatazama ukuta. Mimi nililia waziwazi, mbele ya watu ninaofanya nao kazi, wala sitalikana. Mama hakulia. Alikisogeza kiti chake karibu na Fundi, akamwambia aandike njia ya kufika kwetu, kituo cha kushukia, rangi ya geti, kila kitu. Nikamwambia Mama twende tukaandae, mvua itatukamata.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi sitoki hapa mpaka aniambie amefika wapi."

Nimekimbia na mvua hadi nyumbani. Maji yamechemka. Nimetoa sahani nne.